Hina, sketi ya vipande nane na kompyuta: mabinti zetu waanzie kwenye wanachokijua

Sisi ni wanawake wanne wa chumba cha kushonea hapa Mtwara mjini. Tunashona magauni ya harusi, mabuibui na sare za shule. Leo hatuzungumzii mishono. Tuna binti anayejifunza kazi kwetu, mwenyeji wa Kilambo kule kwenye kivuko cha Ruvuma, na jambo lake limezua maneno.

Binti huyu alipomaliza kidato cha nne, nyumbani walijinyima wakamlipia kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Alirudi na daftari lililojaa. Atakueleza kibodi ni nini na mausi ni nini, lakini ukimwambia haya, tengeneza kitu, ananyamaza. Mashine zilikuwa chache, wavulana walikaa mbele, yeye alinakili ubaoni. Akaamini kwamba hana akili ya kompyuta.

Mwoneni sasa akishika hina. Anaweka nukta katikati ya kiganja, anagawa duara kwa macho, anachora jani moja, kisha analirudia mpaka ua linakamilika. Hakuna jani linalopanda juu ya jingine. Tukajiuliza: huyu ndiye asiye na akili?

Tuna laptopu ya mitumba tuliyonunua kwa ajili ya mahesabu. Tukaweka humo Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na watu wa chuo cha MIT, Marekani. Ina Kiswahili ndani yake, na ukishaipakua haikuli bando. Huandiki maneno magumu. Unachukua vipande vya rangi, kila kipande ni amri moja, unaviunga kimoja chini ya kingine kama unavyounga kitambaa.

Binti akachora jani moja, akaipa mashine amri: piga chapa, geuka nyuzi 40, rudia mara 8. Ua likatoka na pengo, kama sketi ya vipande iliyosahauliwa kipande kimoja. Tukacheka wote, maana kosa hilo kila fundi amewahi kulifanya! Hatukumsahihisha. Alikaa kimya, akachukua kalamu, akagawa 360 kwa 8, akapata 45. Akabadilisha, ua likafunga. Usiku ule hakutaka kwenda kulala.

Hapo ndipo tulipo sisi. Tunasema kompyuta isifundishwe mabinti zetu kwa kukariri majina ya sehemu zake. Waanze kwa kuchora na kutengeneza michezo wanayoicheza wenyewe. Chukua mdako: shimo, vijiwe, kimoja kinarushwa juu, vingine vinatolewa, kabla hakijadakwa. Ukitaka kuuweka kwenye kompyuta lazima useme nani anaanza, nini kikitokea anatoka, na pointi zinahesabiwaje. Huko ndiko kuandika programu. Mtoto wa kike anazijua kanuni hizo kabla hajaingia darasani.

Wala si jambo geni kwa watu wa nguo. Mwaka 1804 huko Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma uliofuata kadi zenye matundu. Tundu hapa, uzi unanyanyuka, pasipo tundu, uzi unabaki, na maua yanatokea kwenye hariri. Charles Babbage wa Uingereza akaliazima wazo la kadi kwa mashine yake ya hesabu, na mwanamke, Ada Lovelace, akaandika mwaka 1843 namna ya kuipa mashine hiyo amri hatua kwa hatua. Kumbe kompyuta ina undugu na kazi yetu.

Dar es Salaam wapo walioanza. Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013, na wasichana hujifunza kwa kutengeneza kitu chao wenyewe. Tunataka mafunzo ya namna hiyo yafike hadi Kilambo na Msimbati.

Tunawasikia mama zetu wanaosema michezo ni kupoteza wakati, na mitandao imeharibu mabinti. Hofu hiyo tunaiheshimu, nasi ni wazazi. Lakini Scratch inafanya kazi bila intaneti, na asiyependa picha za viumbe achore maua na mistari, kama kwenye hina. Tofauti ni kubwa kati ya binti anayetazama kazi za wengine kwenye simu mchana kutwa na binti anayetengeneza ya kwake.

Tena tuna funzo letu wenyewe. Gesi inatoka hapa kwetu, Msimbati, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Wageni walipomiminika Mtwara, sisi tulipika, tulifua na tulipangisha vyumba. Kazi za halali, alhamdulillah. Lakini za ufundi wa mitambo zilitupita, kwa sababu hatukuwa tumejifunza. Hatutaki kompyuta nazo ziwapite wadogo zetu.

Sasa maneno yenyewe. Binti anaolewa baada ya Idi, inshaallah. Shangazi zake wanasema aiache mashine, mke hana kazi nayo. Sisi tunasema mke anayeweza kuchora kadi za harusi na ruwaza za hina akiwa nyumbani kwake, kwa stara na kwa ridhaa ya mumewe, ana kazi nayo kubwa. Hatuahidi utajiri. Tunasema asinyang'anywe kitu alichokwisha kukiweza.

Tulikuwa tumechanga tumnunulie seti ya vyombo. Tumebadilisha. Ile laptopu ndiyo zawadi yake, na mahesabu yetu tutarudi kuyaandika kwenye daftari. Vyombo shangazi watanunua.