Faiba si ya intaneti peke yake, walimu wenzangu!

Haya wadau, leo sina stori za bumu wala foleni ya kantini. Leo nina ugomvi na sisi wenyewe, walimu watarajiwa wa fizikia.

Tukifika kwenye uakisi kamili wa ndani, tunachora mwanga unaodundadunda ndani ya faiba, tunaandika "matumizi: simu na intaneti", tunafuta ubao. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Jamani, huko ni kufundisha au kumaliza kipindi?

Chukueni mgonjwa aliyeumia kichwa. Ubongo ukivimba, fuvu halitanuki. Presha inapanda na damu inapata shida kuingia. Madaktari wanaweza kupitisha faiba nyembamba hadi ndani ya fuvu. Kwenye ncha kuna kiwambo kidogo. Presha ikikisukuma kinabonyea, mwanga unaorudi unabadilika, mashine inatoa namba. Ncha yenyewe haitumii umeme, wala haihitaji mrija wa maji ambao kiputo kimoja cha hewa kinaweza kuharibu kipimo. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa 2016 unasema presha ikizidi milimita 22 za zebaki, itibiwe.

Najua kuna mjuaji atadakia: "Hicho ni kifaa cha matajiri, na hakiponyi mtu." Kuponya hakiponyi, kweli. Utafiti wa Bolivia na Ekwado uliochapishwa 2012, wagonjwa 324, haukuonyesha kwamba kutibu kwa kufuata namba hiyo kunashinda kutibu kwa picha za CT na dalili za mgonjwa. Sasa si ndiyo hoja yangu? Kupima ni jambo moja, kujua ufanye nini na kipimo ni jambo jingine. Hilo liko ukurasa gani kwenye zile notisi zetu za kurithi?

Na darasani hauhitajiki utajiri. Kata kitako cha chupa ya maji, wamba mpira wa puto pale, gundisha kipande cha kioo juu yake, mulika tochi. Funga kizibo, minya chupa: doa la mwanga ukutani linahama. Umeiona presha kwa mwanga, bei ya puto!

Kanieneo tulifundishwa shule ya msingi, mwanga sekondari, na vyote vimelala kwenye madaftari tofauti. Tusipoviunganisha sisi, nani ataviunganisha?

Mwenye ubishi aje chumbani. Chai ipo, sukari aje nayo.