Nasaha za Mwezi: Bahari Ina Saa Zake



Ndugu zangu Waislamu, kila inapowadia Idi, au shule zinapofungwa na jua la kaskazi likawa kali, watu wa Muheza, Korogwe na miji mingine iliyo mbali na pwani hufunga safari ya siku moja kwenda kuoga baharini. Kutoka Muheza hadi Tanga hakuzidi kilomita 40, basi jamaa hutoka asubuhi na kurejea jioni. Wako waendao Raskazone. Wako washikao njia ya Pangani, wakapitia Tongoni kuutazama msikiti wa kale na makaburi yake, kisha wakavuka mto mpaka Bweni na kuendelea Ushongo.

Jambo hili ni jema. Imepokewa katika Hadithi kuwa kujifunza kuogelea ni miongoni mwa michezo isiyohesabiwa kuwa ni upuuzi, na mzazi anayewafurahisha watoto wake kwa halali ana thawabu. Basi sikukusudia kukataza. Nataka kusema neno moja tu: bahari ina saa zake kama sala ilivyo na saa zake, na anayeiendea bila ya kuzijua huzitia khatarini roho za watu wake.

Wazee wetu walisema kuwa maji hujaa na kupwa. Bahari hufanya hivyo mara mbili kwa mchana na usiku wake, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kinachoyavuta maji hayo zaidi ni mwezi, huo huo tunaoutafuta magharibi tupate kufunga na kufungua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua nalo husaidiana nao, yakawa maji ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Hapa Tanga tofauti baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni kiasi cha mita 3, nayo ni zaidi ya kimo cha mtu. Katikati ya miandamo hiyo, karibu na mwezi 8 na mwezi 22, huwa maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo.

Basi fikiri, ewe msomaji. Idi ya kufungua ni Mfunguo Mosi mwezi mosi, kwa hiyo daima huangukia siku za bamvua. Katika pwani hii maji ya siku hiyo huwa yamekupwa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na huja kujaa kiasi cha saa kumi na moja. Mgeni hufika asubuhi akaona mchanga umetandaa na bahari iko mbali, akawaachia watoto wakimbie mpaka kwenye mafungu. Kisha watu huswali Adhuhuri, hula pilau yao, na saa nane hurudi majini. Saa hiyo ndiyo maji yanayoingia kwa kasi kuliko zote! Hutangulia kujaza mabonde yaliyo nyuma ya mafungu, na mtoto aliyevuka kwa miguu huona njia ya kurudia imekuwa kina. Idi ya kuchinja, Mfunguo Tatu mwezi 10, ni kinyume chake: maji hujaa karibu na adhuhuri na mwendo wake si mkali. Hata hivyo hesabu hii ni ya kukadiria. Mwulize mvuvi wa mahali hapo kabla hujavua viatu.

Anayetaka ushahidi na akitazame kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo. Zamani kilikuwa na miti, na mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Leo miti yote imetoweka, likabaki fungu la mchanga ambalo maji makubwa yakijaa hulifunika lote. Pahala alipotandika mtu mkeka wake asubuhi, alasiri ni bahari. Na mlango wa mto Pangani si pahala pa kuogea kabisa. Maji yanapokupwa, nguvu ya mto na nguvu ya bahari huungana zikaelekea nje, na mto wenyewe una mamba.

Sasa nasema na wazazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao ni watoto wasiotimia miaka mitano. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya, na watu wako karibu wakizungumza. Kwa hiyo mchagueni mtu mzima mmoja awe mlinzi, asile wala asishike simu mpaka apokewe na mwingine. Mtu akichukuliwa na mkondo asishindane nao. Na alale chali, ainue mkono, kisha aogelee kwa kufuata ufuko mpaka atoke katika mkondo. Asiyejua kuogelea asimrukie. Na amtupie kamba au dumu tupu. Aliyetolewa majini naye hapumui asining'inizwe miguu juu wala asibinywe tumbo. Apulizwe pumzi kinywani, kisha kifua kibonyezwe kwa nguvu mara 30 na pumzi mbili, na iendelewe hivyo huku akipelekwa hospitali. Kutoka Raskazone, Bombo si mbali.

Wako wasemao kuwa kuogelea ni kwa wavulana tu. Je, bahari humwuliza anayezama kuwa ni mvulana au msichana? Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamevaa nguo zilizowasitiri mwili mzima. Stara haikuwazuia kujifunza. Lililo la khatari ni kuingia majini na buibui au kanga zilizolegea, kwani hulowa, huwa nzito na kufunga miguu. Suruali nyepesi na kanzu fupi iliyoshika mwili kwa kiasi, pamoja na mtandio uliofungwa vizuri, hutosha. Na wanawake wachague upande wao ulio faragha.

Tena husikiwa maneno haya mtoto akifa maji: "Ni shahidi, tena ni kadari." Ni kweli kuwa aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Walakini ushahidi huo ni fungu lake yeye aliyekufa. Haumfutii dhima aliyemwacha peke yake. Kuihifadhi roho ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na mtoto ni amana itakayoulizwa.

Enyi vijana, basi nendeni, mfurahi. Aliyetoka Muheza kwenda Tanga aswali sala zake kamili, kwani masafa hayo hayafiki ya kupunguza. Na kabla ya kupanga nauli na chakula, ulizeni kwanza: leo mwezi ngapi?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.