Msemaji na Bwana Wake

Filamu zimetuzoesha uongo mmoja: kwamba afisa uhusiano wa serikali ndiye mchawi, na bwana wake hana habari. Katika Wag the Dog ya 1997, Robert De Niro anaitwa kuokoa jina la Rais wa Marekani aliyeingia katika kashfa. Anamtafuta mtengenezaji filamu wa Hollywood, wanabuni vita na Albania, taifa zima linaamini. Na Rais mwenyewe? Uso wake hatuonyeshwi wazi. Katika In the Loop ya 2009, mkuu wa mawasiliano wa Waziri Mkuu wa Uingereza anamtukana kila mtu (matusi yale sitayarudia hapa). Waziri Mkuu haonekani kabisa.

Hapo ndipo ninapogomba. Agosti 20, 1998, siku 13 baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, Rais Clinton, naye akiwa katika kashfa yake, aliamuru makombora yapige Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Serikali yake ilidai kiwanda kile kilihusika na kemikali za silaha. Wengi Marekani wakaikumbuka sinema, wakacheka. Wacheke nini? Amri ile haikutolewa na msemaji. Aliyeitoa ana uso na jina, na ndiye aliyestahili kuulizwa, tena kwa ukali: ushahidi u wapi?