Kinundu Kwenye Kope za Mbwa Mzee

Familia nyingi hufuga mbwa wa kulinda nyumba. Mbwa akizeeka huweza kuota kinundu ukingoni mwa kope. Hutokana na tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha jicho. Mara nyingi si uvimbe wa kusambaa mwilini, wala hauambukizi watoto. Lakini ukikua husugua kioo cha jicho. Jicho hutoa machozi na tongotongo, hupata kidonda, na mwishowe mbwa aweza kupofuka.

Wapo wanaokikata kwa wembe au kukifunga uzi. Sisi wauguzi tunasema: acheni. Kope hutoka damu nyingi, na mzizi ukibaki kinundu huota tena. Msimtie pia dawa ya macho iliyobaki ya binadamu. Yenye steroidi huzidisha kidonda.

Wengine watauliza: tumlipie mbwa wakati karo haijalipwa? Swali ni la haki. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2418, inakataza kumtesa mnyama bure, na pia kumtumilia fedha zinazopaswa kwanza kuwasaidia watu wenye shida. Kwa maoni yetu, mwoneni daktari wa mifugo mapema, kinundu kikiwa kidogo. Kazi huwa ndogo na gharama nafuu. Kisichosugua jicho huenda akashauri kiangaliwe tu.

Na mzee wa nyumbani akiwa na kinundu cha kope kisichopona, au kinachorudi palepale, mleteni hospitali. Huyo asingoje.