DAMU IKITULIA, SINDANO IENDELEE

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa moyo unaoanzia kooni. Jina lake ni homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15.

Mtoto huanza kwa kuumwa koo. Baadhi ya magonjwa ya koo huletwa na bakteria waitwao streptokoki. Mwili hupigana nao. Lakini kwa watoto wengine, wiki 2 au 3 baadaye, mwili hukosea. Badala ya kumpiga adui, huupiga moyo wake wenyewe na viungo vyake.

Mtoto hupata homa. Leo goti limevimba. Kesho goti limepoa, kifundo cha mguu kinauma. Keshokutwa ni kiwiko. Watu husema, "Ni baridi ya huku Kiwira tu, itapita." Kweli, maumivu hupita. Lakini ndani ya moyo mna vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Vilango hivyo huvimba, kisha hubaki na makovu.

Damu inasema nini?

Hospitali hupima damu. Kipimo kimoja ni cha kuzama kwa damu. Damu hutiwa katika mrija mwembamba uliosimama wima. Baada ya saa 1, mpimaji hutazama chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Mwili ukiwa na uvimbe wa ugonjwa, chembe hushikamana na kuzama upesi. Kipimo kingine hutafuta protini iitwayo CRP, ambayo ini huitengeneza kwa wingi wakati huo. Protini hiyo iligunduliwa New York mwaka 1930.

Vipimo hivi ni kama moshi. Ukiona moshi, unajua kuna moto. Hujui kinachoungua. Kifua kikuu nacho hupandisha vipimo hivi. Kwa hiyo daktari husikiliza moyo pia, na huuliza habari za koo na viungo.

Hatari iko wapi?

Kwa maoni yangu, hatari kubwa huja mtoto anapopata nafuu. Damu imepimwa tena, majibu ni mazuri. Mtoto anacheza mpira. Mzazi anajiuliza, "Kwa nini nilipe nauli kila mwezi kwa ajili ya mtoto mzima?" Sindano inakatishwa.

Ndugu mzazi, usiikatishe. Kipimo cha damu hueleza habari za leo. Hakijui koo la mwezi ujao. Streptokoki wakirudi, ugonjwa waweza kuamka tena, na moyo ukaongezewa kovu. Sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 humkinga mtoto. Hutolewa kwa miaka 5 au zaidi, na wengine huendelea hadi utu uzima. Daktari ndiye atakayesema mwisho wake.

Najua sindano hiyo inauma, na nauli ni mzigo. Lakini kilango kilichoharibika sana hakitengenezwi kwa vidonge. Huhitaji upasuaji, kama ule unaofanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka hapa ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Na msichana mwenye kilango kibovu akishika mimba, moyo wake huelemewa. Anaweza kufa.

Tufanye nini?

1. Mtoto akiumwa koo na kupata homa, mpeleke zahanati mapema. Usingoje siku 9 zipite. Akipewa dawa, amalize zote.

2. Akiumwa viungo vinavyopokezana, mweleze mganga. Mwambie pia kama aliumwa koo hivi karibuni.

3. Kama penisilini ilishamletea vipele au shida ya kupumua, sema kabla ya sindano.

4. Tusiwalaze watoto wengi katika chumba kimoja. Madirisha yafunguliwe mchana.

5. Walimu wawaruhusu watoto waende kuchomwa sindano siku yao ikifika. Na sisi wa zahanati tuwaulize wazazi wasiofika, bila kuwagombeza.

Wengi wetu sasa tunajua kusoma na kuandika. Tuutumie ujuzi huo. Andika tarehe ya sindano ijayo kwenye kalenda, iweke mahali inapoonekana na watu wote wa nyumbani. Tarehe ikifika, nenda, hata kama mtoto anaruka kama mbuzi.