TIKETI ZA LIKIZO YA DESEMBA: ANZA NA TAREHE YA KURUDI (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya asubuhi, watoto wamekula, naandika haraka kabla umeme haujafanya mambo yake.

Tangu sehemu ya pili mnaniuliza inboksi swali moja: nesi, tiketi ya ndege ya Desemba ninunue lini ili niipate kwa bei nafuu? Mwingine kaniambia mumewe anasema wasubiri, bei itashuka wiki ya mwisho. Mwingine kasikia ukinunua Jumanne usiku unapata ya chini. Leo nasema ninavyoona mimi, na asiyekubali aje kwenye komenti tubishane kwa amani.

Kwanza hilo la kusubiri. Jamani, baadhi ya ndege zinazotua hapa Dodoma ni hizi za pangaboi, zina viti sabini na kitu. Sabini tu! Na mji huu tangu serikali ihamie umejaa watu wa Kagera, Mwanza, Moshi, Mbeya, wote likizo yao wiki moja, wote bibi anawasubiri. Ndege ya namna hiyo tarehe 20 Desemba haiondoki tupu mpaka wakuuzie kwa huruma. Na viti havina bei moja. Vichache vinauzwa chini, vikiisha inafuata bei ya juu yake, vikiisha hivyo inapanda tena. Kwa hiyo anayesubiri anawaachia wenzake vile vya chini. Na hiyo Jumanne, siku ya kusafiri ndiyo yenye uzito, siku ya kununua wala si hoja. Jumanne au Jumatano ya kusafiri mara nyingi ina nafasi kuliko Ijumaa.

Kitu kingine watu hawakijui. Mkiwa familia ya watu watano ukaingiza watano kwa pamoja, na viti vya bei ya chini vimebaki vitatu, mfumo unaweza kuwapa wote watano bei ya juu. Jaribu kwanza kuangalia bei ya mtu mmoja, halafu wawili, halafu watatu. Ukiona imeruka, umeshajua viti vya chini vimeishia wapi. Unaweza kukata mara mbili, ila hakikisha kila mtoto yuko kwenye tiketi moja na mtu mzima.

Sasa nije kwenye langu. Sisi wote tunaanza na tarehe ya kwenda. Tunahesabu shule zinafungwa lini, tunakata ya kwenda, ya kurudi tunasema "tutaona huko huko". Mimi naona tunaanzia mwisho usiofaa. Na nina sababu tatu, moja imeniuma mwenyewe.

Mwanangu wa mwisho kazaliwa mwishoni mwa Desemba. Mwaka anaotimiza miaka miwili tulikwenda kwetu Kagera katikati ya mwezi, tukarudi mwanzoni mwa Januari. Nilimkatia kama mtoto wa kupakata, kwenda na kurudi, maana chini ya miaka miwili analipa sehemu ndogo tu ya nauli na hana kiti. Kwenda hakuna aliyeuliza kitu. Kurudi, dada wa kaunta akaangalia cheti cha kuzaliwa, akaangalia kalenda, akaniambia mama, huyu ana miaka miwili na siku tano, anatakiwa kiti chake. Kiti cha Januari mwanzoni, bei ya siku ile ile! Nilibishana pale mpaka nikaona aibu, foleni nyuma yangu inanitazama. Baadaye nilisoma masharti nikakuta yameandikwa: umri unahesabiwa siku ya kila safari, si siku uliyonunua. Alikuwa sahihi yule dada. Pesa niliyoitenga kwa viatu vya shule vya wakubwa ikaishia pale.

Sababu ya pili ni kwa wajawazito, na hapa naongea kama nesi. Mashirika mengi ya ndege kuanzia wiki ya 28 yanataka barua ya daktari, na ukipita wiki ya 36 hawakubebi, mapacha ni mapema zaidi. Chukua kadi yako ya kliniki uhesabu. Kama leo katikati ya Septemba una wiki 22, katikati ya Desemba utakuwa na 35. Utapanda, utafika kwa mama yako ukiwa mzima. Ukitaka kurudi baada ya wiki tatu una 38. Nani atakupandisha? Utarudi kwa basi masaa mengi na tumbo la miezi tisa, au utajifungulia ukweni bila kupanga. Kujifungulia kwa mama si kosa, wengine ndiyo wanachotaka, lakini kiwe kitu ulichokiamua wewe.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta hapa watoto wenye vimelea ni chini ya asilimia 1, wakati nchi nzima ni 8 na Tabora ni 23. Kagera nako kuko juu. Maana yake watoto wetu waliozaliwa Area C, Nkuhungu, Ilazo, miili yao haijazoea malaria. Wanakwenda kwa bibi, wanacheza nje mpaka usiku, wanakula senene, neti ni ya bibi ina matundu matatu. Na malaria haionekani siku ile mbu kauma, inachukua siku saba mpaka kumi na nne hivi, wakati mwingine zaidi.

Sasa fikiria mama aliyerudi Jumamosi, shule Jumatatu. Alhamisi mtoto ana homa. Mama anasema ni uchovu wa safari, anampa panadol, anampeleka shule. Kila Januari tunawapokea wodini hawa, wengine wamechelewa, damu imepungua, mtoto anatetemeka mikononi mwa baba yake. Na wengine wakiulizwa hawasemi kama walisafiri, kwa sababu wanajua Dodoma hakuna malaria.

Ndiyo maana mimi naikata tarehe ya kurudi kwanza, na naiweka angalau wiki moja kamili kabla shule hazijafunguliwa, mbili nikiweza. Homa ikija inikute nyumbani, nina muda, kituo cha afya ninakijua, na nikifika naanza na sentensi hii: "tumetoka Kagera". Apimwe siku hiyo hiyo. Usimsubirie.

Na bahati nzuri hiyo tarehe mara nyingi ndiyo yenye unafuu. Msongamano wa kurudi ni tarehe 2 mpaka 5 Januari, wafanyakazi wote wanawahi ofisini. Ukiondoka kwa bibi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya unawapisha. Najua mtasema Mwaka Mpya bila bibi hauna ladha. Mimi bibi yangu alinuna mwaka wa kwanza, wa pili akazoea, sasa pilau la Mwaka Mpya tunalipika tarehe 27.

Basi nikijibu swali lenu: ya Desemba mimi nakata Septemba hii, Oktoba mwanzoni ikichelewa sana. Ya Juni nakata Aprili. Lakini sikati kabla ratiba ya likizo ya wodi haijasainiwa, maana tiketi ya bei ya chini ukibadilisha tarehe unalipa, na nyingine hairudishwi kabisa. Mfuate msimamizi wako mapema. Waajiriwa wa serikali, angalieni pia kama mwaka huu ni zamu yenu ya nauli ya likizo, ile ya kila baada ya miaka miwili. Wengi wanaisahau halafu wanakopa kwenye simu.

Hapo kwenye kukopa nitasema bila kuzunguka. Kama tiketi inataka mkopo wa simu, usipande ndege. Basi si aibu. Treni nayo si aibu. Tunaokumbuka fastjet ilipoanza 2012 na lile tangazo la kuanzia 32,000 tunajua ilikuwa kabla ya kodi, na begi unalilipia, na mwisho wa 2018 wakaacha kuruka. Leo SGR ilipofika hapa 2024 nauli ya kawaida mpaka Dar iliwekwa 31,000, mtoto wa miaka minne mpaka kumi na miwili nusu, mdogo zaidi bure. Kwa anayekwenda Dar sioni sababu ya ndege hata kidogo. Anayekwenda Bukoba au Mwanza anaweza kushuka kwa treni akapandia ndege Dar kwenye safari nyingi zaidi, lakini lalaneni Dar usiku mmoja. Treni ikichelewa, ndege haiwasubiri, na hakuna wa kuwalipa maana ni tiketi mbili tofauti.

Mume wangu kwao ni Kongwa, kwa hiyo upande wake hatuna tabu, tunakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wenye wakwe karibu mshukuruni Mungu!

Niandikieni chini: mtoto wako ana umri gani, unakwenda mkoa gani, shule yao inafunguliwa lini. Nitajibu nikipata nafasi, kesho naingia usiku. Sehemu ya nne nitaongelea masikio ya mtoto ndege ikianza kushuka, na kwa nini ile chupa ya maziwa usiimalize mapema.