Umulkheri Hakuulizwa: Riwaya ya Makuzi na Mtoto wa Wazazi Waliotalikiana

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kutuzwa alama. Ni mara chache tumeketi tukaziuliza nyasi zenyewe zinaumia vipi.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili mjini Kitengela, nilipewa kidato kilichokuwa kikisoma Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyochapishwa mwaka wa 2014. Siku hiyo tulikuwa tukimjadili Naomi, anayemwacha mumewe Lunga pamoja na watoto wao watatu: Umulkheri, Dick na Mwaliko. Darasa lilimhukumu kwa kauli moja. Nami nikaandika ubaoni: tamaa, ubinafsi, ukatili. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha hakunakili lolote. Kipindi kilipokwisha, alinifuata nje akaniambia kwa sauti ya chini kwamba katika majibu yetu yote hakuna aliyejali kumuuliza Umulkheri chochote. Baadaye nilifahamu kuwa siku za masomo yeye hulala kwa mama yake Kitengela, na likizo zikifika hupanda matatu, akapita Isinya hadi Kajiado kwa baba yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: sisi tunaoisoma na kuifundisha fasihi ya Kiswahili, tumemwandalia nini kijana huyu?

Kisa chake si cha ajabu katika sehemu hizi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Mashamba ya Kitengela yaliyokuwa ya jumuiya yamegawanywa, yakauzwa vipande vipande, na juu yake zikaota nyumba za kupanga. Familia nyingi zimehamia humo bila shangazi wala babu wa kusuluhisha ugomvi. Hata kwa Wamaasai wenyeji, ambao ndoa yao ilifungamanishwa na ng'ombe wa mahari na neno la wazee, mambo yamebadilika. Ndoa ikivunjika leo, mara nyingi mtoto hubaki katikati ya nyumba mbili zisizosemezana.

Sheria imejitahidi kumwona. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataka maoni ya mtoto yazingatiwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Lakini hakimu humsikiliza mtoto kwa muda mfupi, kisha huita kesi nyingine. Riwaya inaweza kumsikiliza usiku kucha.

Je, riwaya zetu zimemsikiliza? Tuanze na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka wa 1980. Maksuudi anampa Tamima talaka, na binti yao Maimuna anaitoroka nyumba ile na kuishia kwa Bi Kirembwe, katika ulevi na ukahaba. Ni riwaya kuu, na lawama yake kwa ubabe wa baba ni ya haki. Hata hivyo, msomaji wa miaka kumi na sita ambaye wazazi wake wametengana juzi anaweza kuifunga akiamini kwamba njia iliyo mbele yake ni ya kuporomoka tu. Katika Chozi la Heri, Umulkheri anaokolewa kwa kupangwa katika familia ya Mwangeka na Apondi. Ni faraja, lakini ni faraja ya kupewa wazazi wengine. Msichana wangu wa Kitengela hahitaji wazazi wengine. Anao wawili, na anawapenda wote.

Nionavyo mimi, aliyetuonyesha njia ni Ken Walibora katika Siku Njema ya mwaka wa 1996. Kisa chake si cha talaka, ila ni cha mtoto asiye na baba karibu naye. Tofauti iko katika usimulizi: Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe. Anasafiri kutoka Tanga hadi Kenya kumtafuta babake, na katika safari hiyo anakua mbele ya macho yetu. Hapa ndipo ilipo nguvu ya riwaya ya makuzi. Haimwahidi kijana kwamba wazazi watarudiana. Inampa nafsi ya kwanza, yaani uwezo wa kusema "mimi" katika kisa ambacho watu wazima walikuwa wakikisimulia bila yeye.

Wapo watakaosema fasihi si dawa, na mwalimu wa Kiswahili si mshauri nasaha. Ni kweli, na kijana aliyeelemewa apelekwe kwa mwenye ujuzi. Wengine watahofu kwamba tutatonesha vidonda. Lakini kidonda tayari tunakitonesha kila tunapomhukumu Naomi mbele ya darasa, huku tukimsahau aliyeketi karibu na dirisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tazameni hata msamiati wetu. Kiswahili kina yatima, kina mjane, kina mtalaka, kina mtoto wa kambo. Mtoto wa waliotalikiana hatujampa jina, naye asiye na jina ni rahisi kusahaulika.

Basi napendekeza mambo mawili. Kwanza, sisi tutakaokuwa walimu tusiishie kuorodhesha sifa za wahusika. Tuongeze swali la mtoto: aliona nini, alinyamazia nini, angesema nini? Pili, chama chetu kikusanye hadithi fupi zinazosimuliwa na vijana wa nyumba mbili, wanaobeba sare katika mkoba mmoja na siri za wazazi katika mwingine. Wahadhiri wetu nao waipe fasihi ya vijana nafasi yake kamili katika mtaala, badala ya kuigusa juujuu mwishoni mwa muhula.

Kabla sijaondoka Kitengela nilirudi katika darasa lile, nikafuta orodha ya Naomi, na kuwaomba wanafunzi waandike ukurasa mmoja kwa sauti ya Umulkheri. Yule msichana aliandika kurasa nne. Sikuzitia alama.